Jua nyuma ya bega: uchambuzi wa kisa cha picha moja ya machweo, Mwanza

Kisa hiki ni cha kazi niliyoifanya mwenyewe. Majina ya watu, ya kilima, ya mtaa na ya nyumba ya wageni nimeyaondoa, na bei nimezizungusha kidogo. Mwanza nimeiacha kwa jina lake, maana bila mawe yake na ziwa lake hakuna kisa. Saa zote ni za Kiswahili: nikisema 12:55 ni jioni, dakika tano kabla ya saa moja usiku.

Usuli

Mwishoni mwa Julai nilipigiwa simu na mama mmoja mwenye nyumba ya wageni ya vyumba tisa. Alikuwa amepaka rangi upya mapokezi, na ukuta wa nyuma ya kaunta ulibaki mtupu. Alitaka picha moja kubwa, sentimita 120 kwa 80. Maelezo ya kazi yalikuwa sentensi moja tu: "Mwanangu, nataka jua linazama ziwani, na mawe yaonekane." Tukapatana shilingi 350,000, nikapokea 150,000 ya kuanzia. Fundi wa fremu alikuwa na safari siku ya tano, kwa hiyo nilikuwa na jioni tatu, na kwa kiburi changu niliamini moja ingetosha.

Kuhusu mahali tulikubaliana haraka. Jiwe la Bismarck alilikataa: "Hilo liko kwenye kila kalenda na kila kanga ya kumbukumbu." Capri Point nayo aliiona kama picha ya hoteli za wenzake. Nikamtajia kilima kimoja upande wa magharibi wa jiji ambako mabega mawili ya mawe yanakaribiana na kuacha ufa mpana katikati. Nyumba zimepanda pande zote mbili za ufa huo, mabati juu ya mabati, na chini kabisa kuna mfereji na njia ya miguu. Ufa unafunguka kuelekea ziwani. Kwa jiografia ya shuleni hilo ni korongo, ingawa wenyeji wanasema "kule bondeni" tu. Ukitaja korongo Mwanza, wengi watafikiri unamsema yule ndege mwenye kipara anayesimama jalalani kama mzee anayesubiri pensheni.

Vifaa: kamera ya megapikseli 24 yenye kihisi kidogo, lenzi ya milimita 18–55, lenzi ya milimita 70–300 ya kuazima (namba ndogo huona eneo pana, kubwa huvuta cha mbali karibu), na stendi ya miguu mitatu. Msaidizi alikuwa binti anayejifunza kazi kwangu, yeye na simu yake.

Mteja aliuliza kuhusu droni. Nilimwambia hapana. Droni inataka usajili na kibali kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kibali hakipatikani kwa siku nne. Kwa mwenyekiti wa mtaa nilipita, nikajitambulisha, akasema hakuna shida, "pandeni tu." Nikahesabu kwamba suala la ruhusa limekwisha. Hapo palikuwa na kosa, na litaonekana.

Jioni ya kwanza

Tulifika juu saa 12:15. Joto la mchana lilikuwa bado ndani ya jiwe. Ukikaa unalisikia kupitia suruali. Mijusi ya kwenye miamba, ile ya kichwa chekundu na mwili wa bluu, ilikuwa inaota jua la mwisho pembeni yetu, na vijana watano walikuwa wamekaa ukingoni wakisikiliza muziki. Mmoja akaniambia, "Ngosha, njoo ukae hapa, jua linaanguka pale pale." Nikafunga stendi alipoonyesha, lenzi nikaielekeza magharibi, nikasubiri.

Kuanzia 12:25 mpaka 12:50 nilipiga picha 140, zote upande ule ule. Jua lilishuka juu ya vilima vya Sengerema ng'ambo ya ghuba, likawa jekundu, halafu likayeyuka. Halikuzama. Lilipokuwa limebaki upana wa kidole kufika kwenye vilima, ukungu wa vumbi na moshi wa kiangazi ulilimeza, likafifia kama kaa la moto lililomwagiwa majivu. Adhana ya magharibi ilipoanza kusikika chini mjini sisi tulikuwa tunakunja stendi. Saa 1:00 kamili tulikuwa tunashuka, kwa sababu nilikuwa nimesahau tochi na sikutaka giza linikute kwenye jiwe.

Hata hivyo lilitukuta. Itale ya Mwanza, yaani mawe haya ya graniti, ikipitiwa na miguu miaka mingi inakuwa laini kama sahani, na vumbi la kiangazi likikaa juu yake unateleza bila onyo. Binti aliteleza kwa makalio kama mita mbili na kusimamishwa na shina la mti. Hakuumia. Suruali ndiyo iliyoumia.

Picha ya simu

Tulikaa kwa mama ntilie chini ya kilima, tukaagiza ugali na sato, nikaanza kupitia kazi kwenye kioo cha kamera. Kila picha ilikuwa na mbingu ya rangi ya chai ya maziwa, kidoa cheupe katikati, na chini weusi mtupu. Mawe aliyoyataka mteja yalikuwa kivuli tu. Bonde lote, na nyumba zake, lilikuwa limepotea.

"Kaka, na mimi nilipiga moja," binti akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. "Nilichoka kuangalia jua."

Alikuwa amegeuka. Wakati mimi natazama magharibi, yeye alikuwa kashika simu kuelekea kaskazini, akiangalia ukuta wa pili wa bonde. Mawe yalikuwa ya rangi ya embe bivu. Kila ufa ndani ya jiwe ulikuwa na kivuli chake, kila bati lilikuwa na ukingo wa mwanga, na kwenye njia ya katikati mtoto alikuwa anapanda na ndoo kichwani, mdogo kama njiti ya kiberiti. Kwa sababu ya mtoto yule ukajua ghafla mawe yale ni makubwa kiasi gani. Pembeni kushoto, ziwa lilikuwa kipande cha fedha.

Nilikula sato wangu kimya. Nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii, na picha ya simu iliyopigwa kwa uchovu ilikuwa imeishinda siku yangu nzima.

Usiku ule nilikumbuka jambo ambalo nilikuwa nalijua kwa macho bila kulijua kwa akili. Picha za machweo za Grand Canyon kule Arizona, Marekani, wengi tumeziona. Korongo lile lina urefu wa kilomita 446, upana unaofika kilomita 29 na kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu, na kila jioni watu hujazana kwenye vituo kama Mather Point. Ukizitafakari zile picha zinazokukaa kichwani, nyingi hazina jua ndani yake. Zina kuta. Jua liko ubavuni au nyuma ya bega la mpiga picha, linafanya kazi ya taa, na taa nzuri haikai mbele ya lenzi.

(Na kwa wale wanaodhani mandhari ya maana iko ng'ambo tu: itale ya Mwanza ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwamba mkongwe kuliko yote ndani ya Grand Canyon haufiki bilioni 2. Mteja nilipomwambia hivyo alisema, "Basi bei ya vyumba nipandishe.")

Maamuzi ya jioni ya pili, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mahali. Mwishoni mwa Julai jua la Mwanza linazama karibu digrii 290 za dira, yaani kaskazini kidogo ya magharibi. Nikitazama kaskazini kutoka bega la kusini la bonde, jua linakuwa kushoto kwangu, kama digrii 70 kutoka mwelekeo wa lenzi. Huo ni mwanga wa ubavuni. Unakwaruza jiwe badala ya kulipiga usoni, na mikwaruzo ndiyo inayoonyesha umbo. Kutazama mashariki moja kwa moja, jua mgongoni, kungeniangazia mawe yote sawasawa lakini kungelitoa ziwa nje ya picha, na ziwa lilikuwa limo ndani ya sentensi ya mteja. Kaskazini ilinipa vyote viwili, ziwa likiwa dogo.

Wa pili ni wa saa. Hapa tulipo, digrii mbili na nusu kusini ya ikweta, jua linashuka karibu wima. London mwezi Juni mwangaza unaobaki baada ya machweo unakaa zaidi ya dakika 40; kwetu unamalizika kwa dakika 22 hivi. Hakuna muda wa kuhama hama. Na ndani ya bonde saa ni tofauti na saa ya juu. Jioni ya kwanza binti alikuwa ameona, mimi sikuona, kwamba chini kwenye mfereji kivuli kilifika mapema, halafu kikapanda ukutani polepole kama maji yanayojaa pipa. Tukakadiria: mwanga mzuri wa kuta ni kati ya 12:30 na 12:46. Machweo yenyewe 12:55. Kwa hiyo kufika 11:30, kufunga stendi, kukaa.

Wa tatu ni mdogo lakini uliokoa rangi. Kamera yangu ilikuwa kwenye mizani ya rangi ya kujipangia yenyewe. Kamera ya namna hiyo ikiona kila kitu kimekuwa cha machungwa inadhani taa ina hitilafu, inajitahidi kusafisha. Ndiyo maana mbingu yangu ilitoka chai ya maziwa. Nikaiweka kwenye alama ya jua na kuikataza kufikiri.

Nyingine ni za kawaida: f/11 (tundu dogo la lenzi), ISO 100 (wepesi mdogo wa kihisi kwa mwanga), shata karibu 1/30 ya sekunde wakati wa mwanga wa dhahabu, kupiga faili ghafi, na kupiga tatu tatu kwa tofauti ya stopu mbili ili nichague baadaye kati ya mbingu na mawe. Stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu. Tochi mbili, moja ya kichwa. Na utaratibu wa ukingo niliuchukua kule kule Grand Canyon, ambako wageni huombwa wakae angalau futi sita kutoka ukingoni. Kwetu: hatua mbili kubwa, na hakuna kurudi nyuma huku jicho liko kwenye kamera. Mtu anayeangalia kupitia lenzi hana miguu.

Ua wa watu

Hiki ndicho kipande ambacho sikukipangia, na ndicho kilichokula jioni ya pili.

Saa 12:31 mwanga ulikuwa umefika vizuri kabisa. Nilikuwa nimepiga kama picha sita. Sauti ya mwanamke ikapanda kutoka bondeni, kali, kila neno likigonga ukuta wa pili na kurudi: "Nyie! Mnapima nini huko juu?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia: "Mnapima nini? Mmetumwa na nani?" Watu wawili wakatoka nyumba ya jirani, wakasimama naye, wakatazama juu.

Ilinichukua muda kuelewa. Stendi ya miguu mitatu, kitu cheusi juu yake, mtu kainama anachungulia, msaidizi kashika daftari anaandika saa. Kwa mtu aliyejenga kwenye mteremko wa mawe na anayesikia habari za bomoabomoa kila mwaka, sisi tulikuwa wapimaji wa ardhi. Jioni ya kwanza hakuna aliyejali, maana kamera ilikuwa inatazama ziwa. Leo ilikuwa inatazama nyumba yake. Na kweli kabisa ilikuwa inatazama: nilipokuza picha kwenye kioo niliona ua wake wazi, kamba ya nguo, beseni, na mtoto anaogeshwa.

Nilikuwa na njia mbili. Kupunga mkono, kuendelea kupiga na kushuka baadaye kueleza, au kuacha. Mwanga ulikuwa na dakika kumi na tano za uhai. Nikamwambia binti afunike lenzi na asiguse kitu, nikashuka.

Chini nilimkuta mama wa makamo, mikono bado ina povu. "Mwadila, mayo," nikaanza kwa Kisukuma. Akaitikia, salamu haikataliwi, lakini uso haukufunguka. Nikaeleza. Akauliza mwenyekiti anajua? Nikasema anajua. "Mwenyekiti haishi hapa bondeni," akasema. Jibu hilo sikuwa nalo. Nikamwonyesha picha zilizokuwemo kwenye simu ya binti. Akaziangalia muda mrefu, akavuta kwa vidole viwili mpaka akaona bati lake. "Hivi ndivyo tunavyoonekana?" Hakuwa anauliza mimi.

Masharti yake yalikuwa matatu: mtoto asiwemo, nguo za ndani zilizoanikwa zisiwemo, na apewe nakala. Nikakubali yote, nikamwomba radhi kwa kuanza juu kabla ya chini. Nilipofika tena kwenye stendi ilikuwa 12:49. Kivuli kilikuwa kimejaza pipa. Mwanga ulibaki kwenye mawe mawili ya kileleni tu, ukazimika wakati nafungua kifuniko cha lenzi.

Sita za mwanzo, zenye mtoto anayeogeshwa, nilizifuta mbele ya binti usiku ule ule. Mbili kati yake zilikuwa nzuri sana. Tangu 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi, na mpiga picha yeyote wa biashara aisome, lakini sikuzifuta kwa ajili ya sheria. Nilikuwa nimetoa neno.

Kwa kuwa mwanga wa dhahabu ulikuwa umekwenda na tochi zilikuwepo, tulibaki juu tuone kinachofuata. Ndiyo nafasi pekee tuliyoipata jioni ile. Saa 1:05 anga liligeuka bluu nzito, mawe yakapata rangi ya zambarau ya kijivu, na taa za nyumba zikaanza kuwaka moja moja bondeni. Mbali ziwani zikatokea taa za wavuvi wa dagaa, mstari mrefu wa nukta. Tulikuwa na bahati kwamba ni siku za giza, kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hupumzika. Kwa f/8 shata ilikuwa imefika sekunde 2 saa 1:10. Nikapiga za majaribio, nikajua jioni ya tatu nitapiga nini.

Jioni ya tatu

Fupi, kwa sababu kila kitu kilikuwa mahali pake. Tulipita bondeni kwanza, saa 10:30, nyumba kwa nyumba kwa zile zinazoingia ndani ya picha. Nyumba tisa. Wawili walikuwa hawapo, mmoja alisema hataki, na nyumba yake ikaangukia nyuma ya jiwe niliposogeza stendi mita moja kulia. Mama wa ua alikuwa ameshaanua nguo. Alituuliza saa ngapi tunapiga ile ya taa. "Saa moja na dakika tano, mayo." Akasema sawa.

Mwanga wa dhahabu ulikuja, wenye ukungu kuliko juzi, nikapiga. Saa 1:05, katikati ya bonde, taa ya nje ikawaka, ya njano, nyeupe kidogo katikati. Ilikuwa ya kwake. Binti alihesabu: ilikuwa ya kwanza bondeni kwa dakika nzima.

Matokeo

Nilimpelekea mteja picha mbili kwenye kompyuta: kuta za dhahabu, na bluu yenye taa. Alizitazama, akageuza kichwa kama anayetafuta kitu kilichoanguka. "Jua liko wapi?"

Swali halali. Alilipia jua.

Nilifungua picha bora ya jioni ya kwanza, nikaikuza mpaka ukubwa wa ukuta wake, nikapima jua kwa rula kwenye kioo. Kisha nikaomba punje ya mahindi jikoni, nikaishika ukutani pale ambapo picha ingetundikwa. "Jua lako ni hili, mama. Mita moja na sentimita 20 ya picha, na jua punje moja." Akacheka mpaka mhudumu akatoka ndani. Akachagua ya bluu. Akanikata 30,000 kwa kumtia wasiwasi na fundi wa fremu, nami nikaona ni haki.

Chapa ya kwanza ilitoka giza, nikatupa 45,000 yangu. Kioo cha kompyuta yangu kilikuwa kimewekwa mwanga mkali mno, karatasi haina taa nyuma yake. Ya pili ilikuwa sawa. Mama wa ua alipata nakala ya sentimita 30 kwa 20 kabla ya mteja kupata yake.

Uchambuzi: kilichofaa

Kugeuka, bila shaka, ndiko kulikoibadilisha kazi. Lakini nataka kueleza kwa nini, maana ukilichukua kama kanuni litakuangusha mahali pengine. Jua machoni petu lina upana wa nusu digrii. Kwa lenzi ya 18 kwenye kihisi kama changu, hiyo ni nukta 42 hivi kati ya 6000 za upana wa picha. Jicho la binadamu linalitia chumvi jua kwa sababu akili iko hapo; lenzi haina akili. Ukitaka jua kubwa unahitaji 300, ambayo kwa kamera ile ile inakupa nukta 700, lakini 300 inakata bonde lote na kukuachia jua na kitu kimoja mbele yake, jahazi au jiwe au mtu. Hizo ni kazi mbili tofauti. Mimi jioni ya kwanza nilitaka zote kwenye fremu moja, na nikakosa zote.

Sababu nyingine ni tofauti ya mwanga. Ukilitazama jua, kati ya mbingu na chini ya bonde kuna stopu nyingi kuliko faili inavyoweza kubeba bila mbingu kuungua au bonde kuwa lami. Ukitazama ubavuni tofauti inashuka mpaka faili moja inatosha. Simu ya binti ilinishinda kwa sababu mbili: alisimama penye mwanga rahisi, na simu za siku hizi hupiga kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha zenyewe kabla hujashusha mkono. Sehemu ya kwanza ndiyo ya ufundi.

Mtoto mwenye ndoo alinifundisha kipimo. Bonde bila mtu ni mawe tu, yanaweza kuwa ya kimo cha goti. Kwenye picha ya mwisho hakuna mtu, ila taa za milango zinafanya kazi ile ile: kila mtu anajua mlango una kimo gani.

Na kubaki. Kama tungeshuka saa 1:00 kama jioni ya kwanza, mteja asingekuwa na picha.

Uchambuzi: kilichotushinda

Kupiga tatu tatu kwa ajili ya kuunganisha hakukunisaidia. Moshi wa kuni ulikuwa unapanda kutoka jikoni mbalimbali, na kati ya picha ya kwanza na ya tatu ulikuwa umeshahama. Nilipoziunganisha kila moshi ukawa na mzimu wake. Nikarudi kwenye faili moja. Sehemu yenye moshi, majani au maji, ningeshauri usimame vizuri kuliko kutegemea kuunganisha.

Sikuuliza dira kabla ya kupanda. Kati ya Juni na Desemba mahali pa machweo panahama karibu digrii 47. Bega la kusini lililonipa mwanga wa ubavuni Julai, mwezi Desemba litakuwa na jua nyuma kidogo ya ubavu, na vivuli vya mawe vitaanza kujificha nyuma ya mawe. Mtu akisoma kisa hiki akaenda Krismasi kusimama niliposimama atasema nimemdanganya.

Ukungu wa kiangazi nilipaswa kuutarajia. Julai hewa imejaa vumbi na moshi wa mashamba. Jua jekundu linalofifia kabla ya kufika chini ni jambo la msimu.

Ruhusa niliichukua kwa mtu asiyekuwemo kwenye picha. Ukipiga jua, unayempiga hana ua. Ukiligeuzia jua mgongo, unageukia nyumba za watu, na hapo ndipo kazi ya kubisha hodi inapoanza. Kwa Grand Canyon hakuna tatizo hilo, ukutani hakuna kamba ya nguo. Mabonde ya Mwanza yana watu ndani yake, na kama ningekuwa nimepita nyumba zile tisa siku ya kwanza, ningekuwa na mwanga wa dhahabu wa jioni ya pili, ambao kwa maoni yangu ulikuwa mzuri kuliko wowote niliouona juu ya kilima kile.

Kuhusu mteja, sentensi yake moja niliisikia kama amri ya nini kiwemo. Ningemuuliza wageni wake wakiingia mapokezi anataka wajisikie wako wapi, labda tungefika kwenye taa mapema zaidi, bila punje ya mahindi.

Bado anataka jua lake, lakini. Amesema ukuta wa ngazi uko mtupu. Tumepanga katikati ya Novemba, mvua zikishasafisha hewa: machweo karibu 12:40, dira karibu digrii 251, lenzi ya 300, na safari hii nitakuwa chini ufukweni, nasubiri jahazi.